Mkazo wa Watoto

Gitaa la wifi yangu Uberlinda lilikaa limegeuzwa uso ukutani miaka mingi kuliko lilivyokaa mapajani pake. Natangulia kusema hivyo kwa sababu watu wa vilima hivi vya Quirihue wakimtaja leo wanamtaja kwa siku moja tu, siku ya mtoto wa Maclovia, kana kwamba hakuwa na siku nyingine. Mimi nilimjua tangu mwanzo. Niliolewa na kaka yake, Belarmino, nikahamia katika nyumba ya pili ya ua uleule, kati yetu ukuta wa udongo tu, na sikio langu halikuwa na pa kujificha.

Nilipofika, Uberlinda alikuwa bado msichana, na mwenye gitaa alikuwa bibi yao, Eleuteria. Huku kwetu gitaa ni la wanawake. Wanaume wana farasi wao na chupa zao; lakini kwenye arusi, kwenye sikukuu ya mtakatifu, au siku ya kupura ngano, anayeketi kwenye kiti kilichotandikwa blanketi na kuimba ni mwanamke. Bibi Eleuteria alijua namna nyingi za kukaza nyuzi. Kila namna tuliita mkazo, na kila mkazo ulikuwa na nyimbo zake na shughuli yake, wa arusi mbali, wa kupura ngano mbali. Na mikazo hiyo aliificha kama wengine wanavyoficha fedha. Akimaliza wimbo, kabla hajapokea hata glasi ya mvinyo, alizungusha vigingi na kulegeza nyuzi zote, ili mwanamke mwingine akilishika gitaa asikute kitu.

"Bibi, mbona unauvunja?" Uberlinda alimwuliza siku moja mbele yangu.

"Nimevunja nini?"

"Huo uliokuwa unaupiga."

"Ulikuwa wangu, nimeurudisha tumboni. Kachote maji."

Alichota maji. Lakini nyuma ya banda la kuku alikuwa na ubao aliougongomelea misumari na kuutia nyuzi za mkia wa farasi. Ubao ule haukutoa sauti ya maana, tiki-tiki tu kama kuku anayedonoa sahani. Alikuwa akitafuta kwa vidole kile kilichoingia kwa sikio. Niliona akirudia kitu kimoja mpaka mvua ikamlowesha, wala hakuinua kichwa.

Siku moja bibi alikuwa amelala na mafua, gitaa kando yake, nyuzi zimelegea. Uberlinda akalichukua polepole, akatoka nalo uani, akaanza kukaza. Uzi mmoja mmoja, akisikiliza, akirudi nyuma, akisikiliza tena, mpaka mkazo wa arusi ukasimama pale uani mbele ya kuku. Bibi Eleuteria alitoka na ndara mkononi. Alimpiga nayo ya sikio mara moja, sawasawa, kisha akaketi kwenye gogo akihema.

"Uzi wa tatu umeukaza mno," akasema. "Ushushe. Nimesema ushushe, si uulegeze! Haya. Piga."

Tangu siku hiyo walikuwa wakikaa pamoja kila jioni, miguu karibu na jiko la makaa, chai ya majani ya yerba ikizunguka mkono kwa mkono. Bibi hakuwa na maneno ya kusifu. Alikuwa na ya kutukana tu. "Kidole gumba ndicho farasi," alikuwa akimwambia. "Hivyo vingine vimepanda tu. Farasi akisimama, wote mko chini mmevunjika pua." Au, "Unaimba kama mtu anayeomba mkate. Mwimbaji haombi." Naye Uberlinda alicheka, akafuta jasho la kiganja kwenye sketi, akaanza upya.

Mara ya kwanza kupiga mbele za watu ilikuwa siku ya kupura ngano kwa wakwe zangu. Farasi majike walizungushwa juu ya ngano tangu jua lilipochomoza, wanaume wakipiga kelele, vumbi likiingia mpaka kwenye supu, na yeye chini ya kivuli cha matawi akipiga bila kupumzika, kwa sababu mwimbaji akinyamaza farasi nao hulegea. Jioni ncha za vidole vyake zilikuwa zimepasuka. Nilimwosha kwa mvinyo. Maumivu yalimtoa machozi, na huku anacheka.

"Wifi," akaniambia, "umesikia walivyozunguka? Mimi ndiye niliyewazungusha."

Baada ya hapo hakuna arusi iliyompita. Akisikia kwamba mwimbaji mgeni atakuja upande wa pili wa vilima, alikwenda kwa miguu, akaketi chini karibu na viatu vya mwimbaji, sahani ya nyama ikapoa mapajani. Wakati wa kurudi hasemi na mtu. Alitupita uani kama aliyebeba ndoo ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni, akaingia ndani, akafunga mlango, na muda si muda tukasikia vigingi vikilia. Alichokuwa amekibeba kichwani kilikuwa kikimiminwa kwenye gitaa. Custodio, mumewe, aliyehamia kwetu uani, alikuwa mtu mpole ambaye kichwani mwake mlikuwa na ng'ombe na mikokoteni tu. Alikuwa akisema, "Nimeoa gitaa, mwanamke nimepewa kama nyongeza." Alisema hivyo bila uchungu. Alipenda kumsikiliza akiwa anasuka kamba.

Mkazo wa mwisho bibi alimpa akiwa karibu kufa. Ulikuwa mkazo wa watoto.

Mtoto akifa kabla hajajua dhambi, kwetu hafanyiwi kilio. Amekwenda moja kwa moja kwa Mungu, ni malaika. Mama wa ubatizo humvika nguo nyeupe na mabawa ya karatasi, humpaka rangi mashavuni, humketisha kwenye kiti kidogo juu ya meza katikati ya maua, na mwimbaji huimba kwa niaba yake. Mtoto anamuaga baba, anawaaga wazazi wake wa ubatizo, anaiaga nyumba, na ubeti wa mwisho kabisa anamuaga mama. Mama haruhusiwi kulia. Machozi yake yataloanisha mabawa, na mtoto atashindwa kuruka. Uzi mnene wa mkazo huo hushushwa chini sana, karibu ulegee, na mwembamba hukazwa karibu ukatike. Ukiusikia mara moja huwezi kuusahau, wala hakuna mtu anayeufunga, yaani kuukaza, kwa shughuli nyingine.

Sasa niseme habari ya ukuta. Nyumba ikipata msiba, gitaa hulegezwa nyuzi na kutundikwa uso ukutani, nalo hukaa hivyo muda wote ambao mwenyewe anavaa nyeusi. Kwa mzazi ni miaka. Kwa mume ni miaka zaidi. Ni mtoto peke yake anayeweza kuligeuza, kwa kuwa kumwimbia malaika si sherehe, ni sala. Wakati huo hata mjane hushusha gitaa lake, akaenda, akaimba, akarudi, akalitundika tena.

Alianza kufa mama yake Uberlinda. Kabla nyeusi ya mama haijapauka, akafa baba. Kisha kaka yao mkubwa, aliyekuwa amekwenda kaskazini kwenye machimbo, tukaletewa habari zake na mtu baki. Kisha Custodio alilaliwa na mkokoteni wa magogo kwenye mteremko, na tulipomfikia ng'ombe walikuwa wamesimama wanatafuna. Uberlinda hakuwa amemzalia mtoto. Mwisho Belarmino wangu, mapafu. Tukawa wajane wawili ua mmoja, nyeusi juu ya nyeusi. Mimi nilikuwa na rozari yangu na kuku wangu, na Mungu alinitosha. Yeye nilimwona anakauka.

Vidole vyake havikutulia. Tukila, vilikuwa vikitembea ukingoni mwa meza.

"Wifi, vidole," nilimwambia.

"Vimefanya nini?"

"Vinacheza."

"Vina baridi, wifi. Sogeza makaa."

Ng'ombe wetu mwenye madoa, Uberlinda alimkamua kwa mwendo wa wimbo wa kupura ngano, maziwa yakigonga ndoo kwa zamu. Nilimwambia kwamba ni dhambi, marehemu hawajapoa. Akanijibu, "Mwulize ng'ombe kama amelalamika." Siku moja alishindwa. Alifunga mlango na dirisha, akalishusha gitaa, akaweka kitambaa chini ya nyuzi, akapiga kwa ncha za kucha tu. Mimi mwenyewe ng'ambo ya ukuta nilisikia kama nzi. Lakini Jumapili tulipofika dukani kwa mzee Hilarión kununua chumvi, akatukaribisha kwa sauti kubwa:

"Karibuni, karibuni! Nasikia Custodio ameshasahauliwa. Arusi lini?"

Watu walikuwepo. Uberlinda alijifunika shali mpaka machoni, akatoka bila chumvi. Hakurudia tena.

Ndipo ukaja ule msimu wa mvua wa kifaduro. Watoto walikohoa kila nyumba, na wadogo wakaanza kwenda. Wa kwanza alikuwa wa wafinyanzi kule bondeni. Alikuja mpanda farasi, akasimama getini, kofia mkononi, na Uberlinda akaligeuza gitaa. Nilikwenda naye. Aliimba vizuri, kwa unyenyekevu, kila ubeti mahali pake, na mama wa mtoto hakutoa chozi. Tulipokuwa tunarudi aliomba tupumzike juu ya kilima. Mashavu yake yalikuwa na rangi ambayo sikuiona tangu Custodio alipokuwa hai.

Wa pili akaja. Wa tatu. Kati ya mtoto na mtoto nilisikia ng'ambo ya ukuta anaimba anapopika. Alinenepa kidogo. Alianza tena kuchana nywele zake kwa uangalifu. Alikwenda kwa mzee Hilarión na kikapu cha mayai kubadilisha na nyuzi mpya za utumbo wa kondoo.

"Mwaka mbaya kwa watoto," mzee akasema huku akizipima, "lakini kwa Uberlinda ni neema tupu."

"Nikatie nyuzi, mzee. Mdomo wako wauzie wengine."

Watu walicheka, naye pia alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kitu. Kila farasi alipopita barabarani, Uberlinda aliinua kichwa. Farasi akipita bila kusimama, alikiinamisha. Hilo ndilo nililoliona, na nililiona zaidi ya mara moja.

Kisha akaugua Anselmo. Alikuwa mtoto wa Maclovia, jirani yetu upande wa pili wa korongo. Maclovia alikuwa amepoteza mimba nyingi hata watu wakaacha kumwuliza, na huyu alikuja wakati nywele zake zimeanza mvi. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Alikuwa mtoto mzito, mwenye masikio makubwa, anayecheka akiona kuku. Nilihamia kwao nikakaa naye, vitunguu kifuani, mafuta ya moto miguuni, Salamu Maria baada ya Salamu Maria. Kikohozi kilimkunja kama mtu anayekamua nguo. Kikimwachia alikuwa wa buluu, halafu rangi ilirudi, halafu tena.

Asubuhi moja mvua ilikatika. Hewa ikawa baridi na safi, ile hewa ambayo shoka la mtu wa mbali unalisikia kana kwamba liko mlangoni. Anselmo alikuwa amenyonya, amelala juu ya magoti ya mama yake. Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya korongo.

Uzi mmoja. Ukashushwa. Ukapigwa, ukashushwa tena, chini, chini zaidi. Kisha mwembamba ukaanza kupanda.

Maclovia aliinua uso.

"Dada Zoila, unasikia?"

"Sisikii kitu," nikasema, Mungu ananijua.

"Unasikia. Ni ule. Anamfungia mwanangu."

"Labda anajaribu tu..."

"Ule haujaribiwi!" Mtoto alishtuka, akamtuliza kwa kiganja. Aliendelea kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Nenda kamwambie anapumua. Mwambie amenyonya. Mwambie amekishika kidole changu, hiki hapa, ona, bado amekishika. Nenda, dada."

Nilishuka korongo na kupanda, matope mpaka magotini. Njia nzima nyuzi zilikuwa zinalia mbele yangu. Nilimkuta jikoni, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, gitaa mapajani, sikio limelala juu ya ubao wake kama daktari.

"Acha," nikamwambia.

Akatazama juu. "Amekwisha?"

"Hajakwisha. Anapumua. Mama yake anakusikia."

Mkono wake ukafunika nyuzi. Niseme haki, alipauka. "Ananisikia? Mpaka kule?"

"Mpaka kule. Kila uzi."

"Mama wee." Kisha akasema, kama mtu anayemweleza mtu mwingine mambo ya jembe au sufuria, "Nyuzi ni mpya, wifi. Za utumbo hazishiki siku ya kwanza, zinanyooka, zinateleza. Nikizifunga saa ileile ya kuitwa, katikati ya ubeti zitakuwa zimeshuka. Unataka nimwimbie mtoto wako wa ubatizo kwa gitaa linalolia kama paka?"

"Sitaki umwimbie kabisa! Nataka apone!"

"Sote tunataka apone."

"Na akipona?"

"Nitazilegeza."

"Utafurahi?"

Alikuwa anatazama nyuzi, na kidole chake kimoja kilikuwa kikisugua ule mwembamba, taratibu, bila kutoa sauti.

"Uberlinda. Nakuuliza kama dada yako. Unataka afe?"

"Hapana." Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, wifi, nakuapia kwa Bikira. Nataka kupiga. Sitaki mtu afe. Nataka kupiga, na hakuna mlango mwingine."

Nilisimama pale na matope yangu. Nilikuwa nimekuja na hasira, na hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na pa kukaa. Nikamwambia alegeze. Akalegeza mbele yangu, uzi mmoja mmoja, na kila mmoja ulipoteremka alifumba macho.

Anselmo alikufa kesho yake, wakati wa kukamua ng'ombe. Nilimfumba mdomo mimi.

Maclovia hakulia. Alikaa na mikono wazi, kiganja juu, jinsi nilivyomwacha nilipomtoa mtoto. Mumewe, Ruperto, alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Lazima aimbiwe," akasema. "Maclovia, ataondokaje bila kuimbiwa? Tumlete mwimbaji wa Portezuelo?"

"Wa Portezuelo ni mwendo wa siku nzima," nikasema.

"Basi..."

"Mwite huyu," Maclovia akasema. "Si ameshajiandaa? Aje. Nitakaa mbele yake."

Nilimvika mtoto. Shati jeupe, mabawa niliyoyakata mwenyewe, rangi kidogo kwenye mashavu. Masikio yake yalitokeza kwenye taji la karatasi na nilishindwa kuyafunika. Mchana watu walikuwa wamejaa, wanaume nje na mvinyo, wanawake kwenye mabenchi ukutani. Uberlinda aliingia na gitaa lake, hakumtazama mtu, akamsalimu mtoto kwa ishara ya msalaba, akaketi. Maclovia alivuta kiti chake mbele kabisa, magoti yao karibu yagusane.

Nyuzi zilishika. Jinsi zilivyoshika mimi sijui. Labda alizikaza tena pale nilipompa mgongo, labda alikesha nazo. Sikuuliza.

Nimemsikia Uberlinda maisha yake yote, na sijamsikia tena kama siku ile. Kidole gumba kilitembea chini kule kwenye uzi mnene bila haraka, kama mtu anayekuja kutoka mbali na anajua atafika, na juu yake nyuzi nyembamba zilifanya mambo ambayo bibi Eleuteria hakumfundisha, wala mwimbaji mwingine hakuwahi kumwachia. Yalikuwa yake. Yalikuwa yamekaa ndani yake miaka yote ile ya ukuta, yanakua gizani. Aliimba sauti ya mtoto anamuaga baba, na Ruperto akatoka nje. Aliimba mtoto anavyomuaga mama wa ubatizo, yaani mimi, na nikamsikia Anselmo, si yeye. Wanaume waliacha kuongea. Wengine waliingia wakasimama mlangoni, glasi mkononi, wamesahau kunywa. Nami nilitazama uso wake. Ulikuwa na furaha. Sikuona ubaya ndani yake wala majivuno. Ilikuwa furaha ya mtu mwenye njaa aliyepewa chakula, na mbele ya furaha hiyo, hatua moja, kulikuwa na Maclovia.

Maclovia alianza kulia.

Halikuwa chozi lililomponyoka. Alijiachia makusudi, mdomo wazi, akimtazama mwanawe juu ya meza. Wanawake walishtuka.

"Usilie, Maclovia!"

"Shikilia, mama, shikilia, utamlowesha mabawa!"

"Mpeni maji jamani!"

"Yaloane," Maclovia akasema. "Yaloane kabisa. Asiende."

Uberlinda aliendelea. Alikuwa amefika kwenye ubeti wa kuiaga nyumba, mlango na kizingiti na kitanda.

"Nyamaza," Maclovia akamwambia. "Uberlinda, nimekusikia ukimfungia akiwa hai. Nyamaza sasa."

Aliendelea. Nilidhani hakusikia, kisha nikaona jicho lake, na alikuwa amesikia. Kidole gumba hakikusimama. Farasi alikuwa amekwisha kuondoka na yeye yuko juu yake.

Niliinuka. Nilikanyaga miguu ya watu, nikafika, nikaweka kiganja changu chote juu ya nyuzi. Zilikuwa za moto. Nyumba ikawa kimya hata tukasikia mishumaa.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, hajui yuko kwa nani.

"Bado ubeti mmoja, wifi," akasema.

Ulikuwa ubeti wa mama.

Maclovia alisimama, akamshusha mtoto kutoka mezani, mabawa yakakunjamana na moja likang'oka, akakaa naye chini sakafuni akamfunga ndani ya shali. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mabawa hayakurudishwa. Tulimzika Anselmo hivyo, hajaaga, na mama yake alimlilia mpaka kaburini bila kujizuia, na kila aliyekuwepo alihesabu kwamba mtoto yule hakufika.

Mimi sikubaliani nao. Mungu hamzuii mtoto mlangoni kwa ajili ya karatasi iliyoloana. Nilimwambia Maclovia hivyo. Alinisikiliza, akaniuliza kama kuku wangu wanataga.

Msimu ule ulikwisha, na kifaduro kikaenda zake. Muda wa nyeusi ya Uberlinda ukaisha. Asubuhi ya siku hiyo alivaa blauzi yake ya buluu, akaligeuza gitaa, akalifuta vumbi, akakaa nalo uani kusubiri. Ilikuwa wakati wa kupura ngano. Tuliwasikia farasi kwa jirani, tukaona vumbi linapanda. Hawakumwita. Walimleta mwanamke wa Portezuelo, aliyepiga mkazo mmoja tu siku nzima. Arusi zilipita. Sikukuu za watakatifu zilipita. Mama wenye watoto wachanga wakimwona njiani walihamisha mtoto upande wa pili wa mwili. Hakuna aliyemtukana. Mzee Hilarión mwenyewe aliacha mzaha, akawa anampimia nyuzi kimyakimya, na hilo nadhani ndilo lililomuuma kuliko yote.

Lakini hakuacha. Hapo watu wanakosea wanaposema kwamba alivunja gitaa, au alilizika. Alipiga kila siku. Alipiga jikoni, peke yake, alasiri, kazi zikiisha. Alipiga mikazo yote ya bibi, kisha aliyoichukua kwa wengine, kisha ile ambayo haikuwa ya mtu. Nilikuwa nikikaa ng'ambo ya ukuta na rozari yangu, na mara nyingi nilijikuta nimeshikilia punje ileile muda mrefu. Alizidi kuwa bora. Hilo nalisema kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Mwanamke yule alifika mahali ambapo hakuna mwimbaji wa vilima hivi aliyewahi kufika, na aliyemsikia akifika ni mimi na ng'ombe.

Maclovia naye alisikia. Hewa ya hapa haina siri. Kila alasiri, uzi wa kwanza ukilia, mlango wake ng'ambo ya korongo ulifungwa, pa.

Sasa sisi ni wazee. Mikono ya Uberlinda imekunjamana, vifundo vimevimba kama mizizi, na vigingi vimemshinda. Ananiita. Mimi ambaye sikuwahi kushika gitaa maishani mwangu nazungusha, naye anaweka sikio na kuniongoza.

"Bado. Bado. Umepita, mama wee, umepita, rudi. Hapo. Usipumue."

Wiki iliyopita alinitazama kidogo kabla hatujaanza.

"Leo nifungie ule wa watoto."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kuusikia tu kabla sijaenda. Sitaimba."

"Huo sikufungii, wifi."

"Zoila. Nyuzi tu."

"Sikufungii."

Nilidhani atalia au atanitukana, na vyote viwili nilikuwa tayari kuvipokea. Vidole vyake vibovu vilikuwa vinatembea juu ya ubao wa gitaa, polepole, kama vilivyokuwa vikitembea mezani zamani.

"Basi funga wowote," akasema. "Funga wa arusi."

Nikaufunga, akanisahihisha uzi wa tatu, kisha nikampa. Akalilaza gitaa vizuri mapajani na kugusa uzi mmoja, mmoja tu. Kisha akainua kichwa akingoja. Ng'ambo ya korongo mlango ukafungwa. Ndipo akaanza.